Kigutu Hakingoji Kompyuta

Kikombe cha tatu nacho kilikataa.

Hapa hatusemi kikombe cha chai. Ni kile kikombe kirefu cha plastiki kinachokaa juu ya mguu wa bandia, ambamo mtu huingiza kigutu chake, yaani ile sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Kikombe kikikaa sawasawa, mtu hutembea mpaka akasahau. Kikipwaya hata kwa unene wa ganda la yai, ngozi huchubuka, na mtu huanza kuutazama mguu wake kama adui anayelala naye nyumba moja.

Aliyekuwa ameketi kwenye benchi la karakana asubuhi hiyo alikuwa dereva wa winchi, ile mashine ndefu inayonyanyua vyuma kwenye majengo ya ghorofa, na pale karakana walikwisha kumzoea wakamwita Winchi tu. Mtu wa miaka arobaini na ushei, mabega mapana, maneno ya kupima. Miezi minane nyuma boriti ilimwangukia mguu wa kushoto, ukakatwa chini ya goti. Tangu hapo alikuwa na jambo moja tu kichwani: kurudi juu.

"Huku mbele kinapwaya, na huku nyuma kinabana," alisema, akakivua kikombe na kukiweka kando kwa adabu, kama anarudisha sahani asiyoweza kuimaliza. "Juzi uliponipiga picha, kigutu si kilikuwa hikihiki?"

"Juzi kilikuwa kingine," akajibu fundi.

Wateja walimwita Fundi Miguu, na jina hilo lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mumewe alilitumia akitaka kumtania. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu, na alikuwa na desturi ya kunyamaza pale ambapo mwingine angeomba radhi. Alikishika kile kigutu kwa viganja viwili. Kilikuwa kimevimba upande wa ndani. Winchi alikuwa amesafiri saa nne garini, mguu ukining'inia, na damu na maji ya mwili vilikuwa vimeteremka vikakaa humo. Kigutu kichanga ndivyo kilivyo. Leo kinanenepa, kesho kinakonda.

"Mwisho wa mwezi wanampa mtu mwingine kibanda changu kule juu ya winchi," Winchi akasema. "Msimamizi wa usalama ataniona nikipanda ngazi, halafu ataandika ndiyo au hapana. Sikwambii ili nikuharakishe. Nakwambia ili ujue."

"Nimejua," akasema fundi.

Alipoondoka, fundi hakurudi kwenye meza yake ya kazi. Alivuta kiti akakaa mbele ya kompyuta iliyokuwa pembeni, akaitazama kwa muda mrefu kama anayemhoji mshukiwa.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kigutu kilipigwa picha mia mbili na kitu kutoka kila upande. Kompyuta ilizishona zile picha zikawa umbo moja, lenye kila mkunjo na kila kovu. Fundi alilirekebisha lile umbo kwenye skrini, akapunguza hapa, akaongeza pale, kisha mashine ya kuchonga ikalichonga kwenye gogo la sponji ngumu. Juu ya gogo ikalazwa plastiki nene iliyotoka kwenye oveni, ikapoa, ikawa kikombe. Kurekebisha kulichukua saa moja na nusu, kuchonga saa moja na nusu, plastiki saa mbili. Lakini kule kushona picha kulichukua saa sita na dakika ishirini na tano. Kompyuta ikimaliza, jua limekwenda, mteja amekwenda, na kikombe kinatoka siku ya pili au ya tatu, wakati kigutu kilichopigwa picha hakipo tena duniani.

Alikuwa amejaribu kupunguza picha. Kazi ilikwisha haraka, na kovu la Winchi likapotea kabisa, pakabaki palaini kama chupa. Kikombe cha pili kilikufa kwa sababu hiyo.

"Kwa hiyo hatukosei vipimo," alisema kwa sauti. "Tunachelewa."

"Unasema na nani?" akauliza Mzee Plasta kutoka chumba cha pili.

Huyu alikuwa mshirika wake wa kazi, mzee aliyekuwa ametengeneza miguu kwa miaka thelathini na tano kwa mikono mitupu, bendeji yenye plasta na ndoo ya maji. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimeanza kumuuma, na alikwisha tangaza kwamba mwisho wa mwaka anaondoka, akalee kuku. Kompyuta hakuwa na ugomvi nayo. Aliichukulia kama mkwe aliyeletwa na mtoto mpendwa: alimsalimia, hakumwamini.

"Nasema na hii," fundi akajibu. "Nataka kujua inafanya nini saa zote hizo sita."

"Uliza. Lakini usimpige."

Fundi hakununua kitu wiki hiyo, wala hakumpigia mtu simu. Alichukua daftari. Kila kompyuta iliposhona picha, alifungua lile dirisha dogo linaloonyesha nani ndani ya mashine anafanya kazi na nani amekaa, na kila baada ya nusu saa akaandika. Kwa wateja wanne, siku nne, jibu lilikuwa lile lile. Memori ilijaa theluthi mbili, haikuzidi. Diski ilikuwa imelala. Kadi ya picha ilisaidia kidogo mwanzoni, kisha ikakunja mikono. Lakini prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, ilikuwa mia kwa mia tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, haipumui.

Ndipo akaenda kwa shemeji.

Mume wa dada yake mkubwa alikuwa na duka la kompyuta, mitaa mitatu kutoka karakana. Yeye alimwita fundi shemeji, na fundi alimwita yeye shemeji, hata mtu akiwasikia wanabishana nyuma ya pazia hajui nani anasema. Alikuwa mtu wa maneno matamu na tumbo la mbele, na alijua kazi yake.

Alilisoma lile daftari ukurasa kwa ukurasa, akalifunga.

"Shemeji, umefanya kazi nzuri. Sasa ngoja nikwambie ukweli. Ile si kompyuta, ile ni marehemu anayetembea. Bodi yake, ule ubao unaobeba vyote vya ndani, ina miaka saba. Prosesa za leo haziingii humo hata ukizibembeleza. Memori za leo haziingii. Kwa hiyo ni bodi mpya, prosesa mpya, memori mpya. Vunja nyumba ujenge, usipake chokaa kwenye ufa."

"Na kadi ya mashine ya kuchonga?"

Shemeji akakoroga chai yake.

Mashine ya kuchonga ilikuwa ya zamani, ilinunuliwa kutoka hospitali iliyokuwa ikifunga karakana yake, na walioitengeneza walikwisha kufunga biashara. Ilizungumza na kompyuta kwa kupitia kadi moja tu, na ile kadi iliingia kwenye tundu la kizamani ambalo bodi mpya hazina tena.

"Kuna adapta," shemeji akasema.

"Umewahi kuiona ikifanya kazi na mashine ya kuchonga?"

"Na ya kuchonga, hapana."

"Basi bado haipo." Fundi akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. "Nimeingia kwenye ukurasa wa waliotengeneza bodi. Wameorodhesha prosesa zote inazozikubali. Hii ya mwisho kabisa, umeiona? Ya kwangu ina viini vinne vya kufanya kazi. Hii ina kumi na viwili. Memori zinabaki, kadi inabaki, kila kitu kinabaki. Inataka tu bodi ibadilishiwe ile programu yake ya ndani kwanza."

"Naijua hiyo." Shemeji aliisukuma karatasi kwa kidole kimoja. "Ni kipago cha mwisho cha ngazi. Ukikipanda, juu yake hakuna kingine. Mwakani ukitaka zaidi, utavunja tu ulichopaswa kuvunja leo, na hii itakuwa hasara juu ya hasara."

"Shemeji, mimi siendi mbinguni. Nataka kufika saa kumi na moja jioni mteja wangu bado yuko kwenye benchi."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Haikuwa kwamba shemeji alisema uongo. Hilo ndilo lililomchosha fundi: kila alichosema kilikuwa kweli. Bodi ilikuwa nzee. Ngazi ilikuwa imefika mwisho. Mashine mpya ingekuwa na kasi zaidi, na ingempa miaka mingine saba ya kutulia. Lakini mashine mpya isiyoweza kuchonga ilikuwa kwake kama cherehani isiyo na sindano, na Winchi alikuwa na siku kumi na sita.

Alirudi karakana kwa miguu. Alipofika kwenye kona ya mwisho alikuwa amekwisha amua. Alimpigia shemeji simu akiwa bado barabarani.

"Nitafutie ile ya kumi na viwili."

"Mpya hazitengenezwi tena. Itakuwa imetumika."

"Itumike, lakini iwe nzima."

"Na ikikuangusha?"

"Nitaanguka mwenyewe. Sitakulalamikia."

Shemeji alivuta pumzi ndefu. Siku ya tatu prosesa ilifika, imefungwa vizuri, imejaribiwa, pamoja na feni yake kubwa ya kupoozea. Lakini aliituma kwa mtu wa pikipiki, hakuja mwenyewe, na dada mtu alipoulizwa kwa simu alisema, "Mimi simo. Nyie wawili mtajuana."

Jumapili asubuhi, karakana ikiwa imefungwa, fundi alilipandisha kasha la kompyuta juu ya meza ya kazi, akafungua ubavu wake. Mzee Plasta alikuja pia, akisema amesahau miwani, na miwani yenyewe ilikuwa usoni.

Ile programu ya ndani ya bodi ilichukua dakika nne kubadilika. Katika dakika hizo mtu haruhusiwi kugusa chochote, kwa maana ikikatika katikati, bodi inageuka kipande cha bati. Fundi alisimama mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mstari ukatambaa kwenye skrini, ukafika mwisho, mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Hapo tu ndipo aliposikia kwamba mzee naye alikuwa amezuia pumzi.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya mikono, na mikono anayo. Aliifungua feni ya zamani, akafuta ile grisi kavu ya kupitisha joto kwa pamba yenye spiriti, akanyanyua wenzo mdogo wa pembeni, akaitoa prosesa ya zamani. Akaitazama mpya: pini zake zote zilikuwa zimesimama wima, hakuna iliyolala. Kwenye pembe moja palikuwa na alama ndogo ya pembetatu, na kwenye bodi palikuwa na mwenzake. Akazikutanisha. Prosesa ikazama mahali pake yenyewe bila kusukumwa, na fundi, ambaye kwa miaka kumi na miwili kazi yake ilikuwa kutafuta vitu vinavyoingiana bila kusukumwa, akatabasamu.

Akapaka grisi mpya, akafunga feni kubwa. Alipowasha, skrini ilibaki nyeusi muda wa kutosha mtu kusali. Kisha ikawaka.

Akaipa picha za Winchi za juma lililopita. Saa mbili na dakika kumi, umbo likawa tayari, na kovu lake likiwa pale pale.

"Mkwe ameanza kufanya kazi," Mzee Plasta akasema.

Jumatano Winchi aliingia mapema, akalala kwenye kitanda cha vipimo, mguu ukafungwa bendeji na kunyanyuliwa juu ya mito kwa saa nzima hadi uvimbe ukashuka. Picha zikapigwa. Fundi akabonyeza kitufe, akaanza kuandaa plastiki. Baada ya saa moja na dakika kumi kompyuta ilizimika. Haikulia wala haikuonya. Iliondoka kimya, kama mgeni asiyetaka kusindikizwa.

Akaiwasha, akaanza upya. Dakika arobaini, ikazimika tena. Mara ya tatu, dakika thelathini na tano.

Saa saba mchana Winchi alikuwa bado amelala chali akitazama dari.

Mzee Plasta alikuja akasimama pembeni ya fundi, akasema kwa sauti ya chini, "Nipe ndoo ya maji. Nitamfunga plasta kama zamani."

Fundi alisita, kisha akampisha. Mzee alilowesha bendeji, akaizungusha taratibu, akaanza kuibana kwa viganja ili ishike umbo. Alipofika penye kovu, Winchi alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Mzee aliibana tena kidogo, akamtazama usoni, akaacha. Akaifungua bendeji yote, akaosha mikono.

"Hapana," akamwambia fundi. "Nikiendelea nitamtengenezea maumivu, si mguu. Hii ngozi haitaki kuguswa. Zile picha zako zina akili hapo."

Winchi alivaa suruali yake, akachukua magongo. Mlangoni akageuka. "Nije lini?"

Fundi alihesabu siku kichwani. Zilikuwa zimebaki tisa. "Jumatatu," akasema.

"Jumatatu," Winchi akarudia, akaondoka.

Kile alichohisi fundi jioni hiyo hakikuwa huzuni. Ilikuwa aibu, aibu kavu ya mtu aliyejitangaza. Wazo la kwanza lilikuwa kuirudisha prosesa ya zamani, asahau, arudi kwenye saa sita zake ambazo angalau zilikuwa za kweli. Aliishika hata bisibisi. Kisha akaiweka chini. Maji alikwisha kuyavulia nguo.

Asubuhi fundi alikuwa dukani kabla shemeji hajamaliza kufungua mlango.

"Sikuja kubishana," akasema. "Nimekuja kuuliza. Inazimika katikati ya kazi, na kila nikiianza upya inazimika mapema zaidi."

Shemeji angeweza kusema mengi. Yalikuwa yote yamejipanga usoni mwake, fundi aliyaona. Lakini alikuwa na wema fulani ambao maneno yake matamu yaliuficha. Aliweka funguo mezani.

"Jumapili ulipoijaribu ilimaliza?"

"Ilimaliza."

"Kasha lilikuwa wazi au limefungwa?"

Fundi akafumba macho. "Wazi. Juu ya meza. Jumatatu nikalifunga, nikalirudisha chini, karibu na ukuta."

"Karibu na ile oveni yako ya plastiki."

"Karibu na oveni."

Shemeji hakucheka. Alichukua kipimajoto chake cha kulengea, kile kilicho kama bastola, wakaenda wote wawili. Waliiacha kompyuta ishone picha za zamani, kasha likiwa limefungwa, na kila baada ya dakika kumi walilifungua kwa haraka wakalenga. Prosesa yenyewe ilikuwa na joto la kuvumilika. Feni kubwa iliifanyia kazi. Lakini kando yake, kwenye safu ya vipande vidogo vyeusi vilivyokaa uchi bila kifuniko, namba zilipanda mpaka shemeji akapiga mluzi.

"Hawa ndio wanaoipikia prosesa umeme," akasema. "Bodi yako ilijengwa kulisha watu wanne. Inaweza kulisha kumi na wawili, orodha haikukudanganya. Lakini umewaletea wageni kumi na wawili jikoni kule kule, na dirisha umefunga. Mpishi anazimia."

"Kwa hiyo ulikuwa na haki."

"Nilikuwa na haki kwamba bodi ni ndogo. Sikusema haiwezi." Alijikuna kidevu. "Shemeji, ningekuwa mimi, hata sasa ningenunua mpya. Nakwambia hilo mara ya mwisho, halafu tufanye kazi."

"Siku nitakapopata mashine ya kuchonga inayoelewana na bodi mpya, utaniuzia zote kwa mpigo. Siendi duka jingine."

"Hayo ndiyo maneno."

Walifanya kazi hadi adhuhuri. Shemeji alileta vipande vya bati vyenye mapezi, vidogo kama vitana, akavigandisha juu ya wale wapishi kwa utepe wa kupitisha joto. Palihitajika feni ya kuwapulizia, na pale ndani hapakuwa na mahali pa kuifungia. Fundi alipima kwa jicho, akachukua kipande cha plastiki kilichobaki kwenye kikombe cha pili cha Winchi, akakipasha moto, akakikunja kikawa mkono mdogo wa kushikilia feni, akakitoboa matundu mawili, kikaingia bila kugusa kitu. Shemeji alikigeuza geuza kabla hajakifunga. "Mimi ningetumia waya," akakiri. Mwisho wakaingia kwenye mipangilio ya bodi, wakaipunguzia prosesa kiwango cha umeme inachoruhusiwa kula. Si sana, kiasi cha kumwambia mlafi ale bila kuramba sahani.

Kasi ikapungua kidogo. Badala ya saa mbili na dakika kumi, sasa ilikuwa saa mbili na dakika thelathini na tano.

"Umeridhika?" shemeji akauliza.

"Bado. Mara moja ni bahati."

Akalisogeza kasha mbali na ukuta, akalifunga ubavu, akawasha oveni makusudi ili chumba kipate joto, akaanza tena. Ikamaliza. Ijumaa akairudia saa sita mchana, jua likiwa limeegemea dirishani. Ikamaliza. Jumamosi akaipa picha za wateja wawili mfululizo, zaidi ya saa tano bila kupumzika, naye akakaa mbele yake akishona mikanda ya ngozi, kila mara akiinua macho. Ikamaliza. Hapo ndipo alipofunga daftari.

Jumatatu Winchi alikuwa mlangoni saa moja na nusu. Hakuuliza kama mashine imepona, na fundi hakumwahidi kitu. Mguu ukafungwa, ukanyanyuliwa. Saa tatu kasoro robo picha zilikuwa tayari, na saa tano na dakika ishirini umbo likatokea kwenye skrini, kovu likiwa limekaa kama mto kwenye ramani. Fundi alilirekebisha bila haraka. Alilegeza penye kovu kwa unene wa karatasi tatu, akakaza chini ya kifuniko cha goti, mahali panapoweza kubeba uzito bila kulalamika. Kila alipokuwa na shaka alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: aliinuka, akaenda hadi kitandani, akakigusa kigutu chenyewe, akarudi. Kilikuwa pale pale, kilikuwa kile kile.

Mashine ya kuchonga ilianza saa saba. Ilipiga kelele zake za kawaida, vumbi la sponji likajaa kote, na Winchi akacheza drafti na Mzee Plasta mguu ukiwa juu ya mito. Mzee alishindwa michezo minne, akasema macho yanamsumbua. Saa nane na nusu gogo likatoka. Plastiki ikalazwa, ikapoa, ikakatwa, kingo zikasuguliwa. Saa kumi na nusu jioni fundi alipiga magoti mbele ya benchi akiwa na kikombe cha nne.

Kigutu kiliingia, kikatoa sauti ndogo ya hewa, kikatulia.

Winchi alisimama. Alihamisha uzito kulia, kisha kushoto. Akangoja. Fundi na mzee walikuwa wakisubiri uso wake ukunjamane, kwa sababu mara tatu ulikunjamana.

"Nenda," fundi akasema.

Alikwenda hadi mlangoni akarudi. Akaenda tena. Kisha hakurudi. Karakana ilikuwa chini ya jengo la ghorofa tatu, na walimsikia kwenye ngazi za nje, hatua nzito na hatua nyepesi, zikipanda, zikipanda, hadi zikapotea. Mzee Plasta alitaka kumfuata. Fundi akamshika mkono. Baada ya muda hatua zikaanza kushuka.

Aliingia jasho likimtoka, akaketi. Fundi alikivua kikombe, akakigeuza kigutu kwenye mwanga wa dirisha. Palikuwa na wekundu chini ya kifuniko cha goti na pembeni, panapotakiwa. Penye kovu hapakuwa na kitu. Akaangalia saa ya ukutani, akangoja dakika tano, na wekundu wote ukafifia.

"Sawa," akasema, akajifanya anatafuta bisibisi.

Winchi alikuwa akikitazama kigutu chake kana kwamba wamepatana baada ya ugomvi mrefu. "Kule juu kwenye paa," akasema, "nimeliona jengo letu. Winchi yangu imesimama tu. Yule anayenishikia nafasi hajui kuiegesha, ameiacha imeelekea upepo."

Aliondoka na mguu, magongo ameyafunga pamoja kwa kamba na kuyabeba begani.

Siku nne zilipita. Fundi alikuwa na mteja mwingine kitandani, mama mmoja muuza vitambaa aliyekuwa akilalamika kwamba picha mia mbili ni nyingi na yeye hata harusini hakupigwa hivyo, simu ilipolia. Nyuma ya sauti ya Winchi palikuwa na upepo mwingi.

"Nimepita," akasema. "Msimamizi amenipandisha mara mbili. Mara ya pili alitaka tu kuona."

"Uko wapi sasa?"

"Kibandani. Lakini fundi, hiki kikombe kinapiga mluzi. Nikikunja goti, kinapiga mluzi. Wenzangu kule chini wanasema nawaita."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kinapiga mluzi."

"Ni hewa inatafuta njia. Njoo Alhamisi, asubuhi. Na ubebe chakula, utakaa hapa mpaka jioni."

Akaikata simu, akairudisha mfukoni, akamgeukia muuza vitambaa. "Haya, mama, tumefika ya tisini na sita. Usicheke, picha itatikisika."